Namba ya Kasenyi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, Suzanne asinitangulie.

Ilikuwa Bunia, mwaka 2003. Shirika letu dogo lilituma barua kwa redio iliyofungwa kwenye kompyuta. Watu wenye bunduki walikuwa wamepora redio yetu ya Kasenyi, kule ziwani. Katsuva, mwenzetu wa kule, alikimbilia parokiani na redio nyingine, yenye namba mpya.

Programu yetu, kila ikiwashwa, ilisoma kwanza faili la mipangilio, ambalo siye tunaliita fichier. Ukiongeza neno kwenye amri ya kuiwasha, neno lako lilishinda faili, lakini programu ikizimika, nalo limekufa. Faili lilibaki na namba ya zamani. Asubuhi niliandika namba mpya kwenye amri tu, nikatuma, Katsuva akajibu. Nikatembea ofisini kama jogoo.

Suzanne, mwendeshaji mwenzangu wa redio, ambaye tulimwita Mama Estelle, alikuwa na mume kule Kasenyi: Honoré, dereva wa kamyo ya samaki. Barabara kubwa ilikuwa na vita. Tukamwandikia, kupitia Katsuva, njia ya kupandia milimani hadi Bunia. Kabla sijatuma, jenereta ikakohoa, ikazimika. Nikamimina mafuta, nikawasha programu kwa amri fupi, nikatuma.

Jibu likaja upesi: "Sawa. Tunamungojea njiani."

Suzanne akasoma mara mbili. "Katsuva hawezi andika bila salamu. Huyu iko nani?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. Namba ya zamani. Tulikuwa tumewaonyesha waporaji njia ya Honoré.

Nikazima, nikawasha tena na namba mpya: "Honoré asitoke. Wanamvizia." Tukangoja. Suzanne alisimama ameshika meza.

Mwishowe redio ikapiga kelele zake. "Salamu kwenu wote. Injini ilikuwa imeshawaka. Nimemushusha, iko hapa anakunywa chai. Katsuva."

Suzanne akakaa, akajipangusa uso kwa kitenge.

"Weka namba mu fichier," akasema.

"Mama Estelle, usinichape bure. Ni machine ilisahau. Miye asubuhi niliiambia vizuri kabisa."

"Siye pia asubuhi walituambia vita imeisha. Andika."