Kiti cha Marehemu Odile

Jumamosi hiyo jioni Régis Vaubourg alikuwa kwenye chumba cha vipodozi cha televisheni, hapo Paris, taulo shingoni, anakula mkate wa paja la nguruwe huku Josiane akimpaka poda. Alikuwa amevaa joho la kuogea na mabuti ya mpira, kwa sababu wimbo wake mkubwa aliuimba akiwa amekaa ndani ya beseni la kuogea, na Ufaransa nzima ilimpenda kwa vituko hivyo. Mlango ukafunguka, akaingia Odile, mwitikiaji wa nyimbo zake, koti linachuruzika maji. Odile alikuwa amezikwa Jumanne, kwao Brest, ambako mvua haijui kukatika.

"Pole, dada," Josiane akamwambia, akimvutia kiti. "Na huko nako kunanyesha?"

"Kunavuja," Odile akasema, akaketi.

Régis aliuweka mkate chini. Alijua kilichomleta. Maneno na muziki aliandika yeye, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini siku ya kurekodi koo lilimsaliti, akaimba Odile, na santuri ikatoka na jina moja tu juu ya jalada. Sauti ile nyembamba iliyowafanya madereva kusimama kando ya barabara wakalia ilikuwa ya Odile. Kwenye majukwaa ya kiangazi aliimba nyuma ya pazia. Kwenye televisheni hakukuwa na haja hata ya pazia, maana kila mwimbaji aliyefika pale alichezesha midomo tu, santuri ikaimba.

Mazoezi yakaanza. Vinanda vikaja, ngoma zikaja, sauti haikuja. Fundi akakagua mitambo yake.

"Santuri ni nzima," akasema. "Mwenye sauti ndiye hajafumbua mdomo."

Wakamgeukia Odile. Alikuwa anakamua pindo la koti, Josiane kando yake.

"Mpeni marehemu anachotaka," mtayarishaji akasema. "Tunaingia hewani sasa hivi."

"Alitaje jina langu," Odile akasema. "Mara moja tu. Mama anatazama."

Régis akapiga magoti na mabuti yake. Alimpenda Odile, lazima lisemwe. Siku ya mazishi alilia mpaka kamasi zikamtoka. "Nitalitaja. Haki ya Mungu."

"Ahadi ni deni, bwana mabuti."

"Usinitanie mbele za watu, Odile."

"Watu gani? Huyu Josiane?"

Kiti chake kikawekwa nyuma ya beseni, na mpiga picha akaambiwa amkwepe. Odile akafumbua mdomo. Sauti ikapanda, na Régis akachezesha midomo vizuri kuliko siku zote, huku machozi yanamtoka, ya kweli. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akamwinamia.

"Régis, hebu tuambie, sauti hii umeitoa wapi?"

Jina lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Akatazama nyuso za watu waliokuwa wakimngoja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na Régis alihisi baridi ndani ya joho lake, akaogopa.

"Nilizaliwa nayo," akasema.

Watu wakapiga makofi. Odile alirudi kwa Josiane kufutwa poda, na Régis akamfuata mbio, mabuti yakimpwaya.

"Jumamosi ijayo, Odile. Naapa."

"Nitakuja," Odile akasema. "Nifanyeje? Wimbo wenyewe naupenda."

Akawa anakuja, miaka nenda miaka rudi. Wafanyakazi wa televisheni walimzoea, wakawa wanamwekea kiti chake, wakilalamika tu kwamba analowesha zulia. Régis aliulizwa swali lile lile, akatoa jibu lile lile. Kule Brest mama mtu alitazama kila Jumamosi, akisogeza kiti karibu zaidi na televisheni, mpaka siku alipofariki.

Régis naye akafa, akazikwa na joho lake na mabuti yake. Kanisani wakapiga santuri. Odile akafika amelowa, padri akampisha kiti kando ya jeneza, naye akafumbua mdomo.

"Msikilize," mwanamke mmoja akamnong'oneza mumewe, analia. "Amekufa na bado anaimba."

Ndani ya jeneza Régis alimsikia. Sasa hakukuwa na taa wala wa kumwogopa, akaazimia kulitaja lile jina. Akafumbua kinywa. Lakini santuri ilikuwa inaimba, na midomo yake, kwa mazoea, ikafuata maneno ya wimbo mpaka mwisho.