Bandia Halalamiki

Balaa lililetwa na mdogo wangu, yule tunayemwita Profesa ingawa hajawahi kumaliza chochote isipokuwa chakula. Ndiye aliyemwingiza baba kwenye ile tamthilia ya mji wa siku zijazo, ambamo bandia wametengenezwa kwa ustadi hadi wanakula, wanalia na kuoa, na hakuna anayejua yupi mtu na yupi mashine. Kila kipindi kikiisha, Profesa huzama kwenye simu kusoma watazamaji wenzake wanamshuku nani, kisha anamsimulia baba. Baba, aliyetengeneza redio maisha yake yote, akanogewa. Siku hizi kumbukumbu zinamtoka, hata jina langu humponyoka, lakini majina ya bandia wote anayo kichwani.

Nadharia yao kubwa ilimhusu daktari wa mle ndani.

"Yule ni bandia tu," Profesa alisema. "Hujamwona, baba? Anatukanwa, anasukumwa, anajibu vilevile. Mtu angekasirika. Bandia halalamiki."

Baba akajipiga paja. "Kama redio! Sauti ileile asubuhi na jioni."

Nikacheka nao. Laiti ningejua.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa maji. Kutwa nzima nimevaa visikilizio, na watu waliokaukiwa na mabomba wananitukana mimi na ukoo wangu mzima, nami nasema, "Pole sana kwa usumbufu, mteja wetu." Msimamizi anatusikiliza kwa siri, anayepandisha sauti anaitwa ofisini. Viatu navivua mlangoni, lakini sauti ile naingia nayo ndani. Namlisha baba, nambadilisha nguo, nafua mashuka, na akimwaga chai najisikia nikisema, "Pole kwa usumbufu, baba." Majirani wananisifu kwa subira. Subira gani? Hata hasira inataka nguvu, na mimi sina.

Juzi nilipomletea dawa ya moyo, baba alifumba mdomo. Akamvuta Profesa sikioni, akanong'ona kwa sauti iliyonifikia vizuri tu: "Huyu si binti yangu. Wamemchukua, wakaniwekea huyu."

Tangu hapo akasusa dawa, akasusa na chakula. Hata Profesa akimpa hataki, maana anajua chakula nimepika mimi na dawa nimeileta mimi. Daktari wake akatuambia kwa simu kwamba dawa ile haikatizwi hivyo. Leo ikishindikana, tumpeleke akalazwe. Mara ya mwisho alipolazwa walimfunga mikono kitandani kwa sababu alikuwa aking'oa mirija. Nilimkuta analia kama mtoto, na nikaapa kwamba hatarudi kule.

Basi leo nilipotoka kazini sikubadilisha hata nguo. Niliketi mbele yake na bakuli la supu, kidonge kiganjani.

"Baba, fungua mdomo, tafadhali."

"Umesikia?" akamwambia Profesa. "Eti tafadhali."

"Mimi ni mwanao, baba."

"Mwanangu ana gubu. Mwanangu akiudhika, milango yote nyumbani inajua. Wewe hata mlango unaufunga kwa adabu."

Profesa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, uso umemsawijika. Nadhani ndipo alipoanza kuona alichokipanda. "Dada, mwambie kitu ambacho bandia hawezi kukijua."

Nikamkumbusha baba alivyonibeba mgongoni nilipovunjika mguu, akiniimbia njia nzima ili nisilie.

"Kumbukumbu wanawekewa," baba akajibu. "Tumeshaona kwenye tamthilia."

Akasukuma bakuli. Supu yote ikanimwagikia kifuani.

"Pole kwa usum—" nikaanza, na sikumaliza.

"Nimechoka!" Sikuijua sauti ile. "Nimechoka na supu, nimechoka na mashuka yako, nimechoka na hiyo tamthilia yenu ya kipumbavu! Nimechoka na wewe, baba! Kuna siku naomba usiamke. Umenisikia? Naomba usiamke, nami nilale!"

Profesa akazima televisheni. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, supu ikinichuruzika hadi miguuni. Maneno yale nilikuwa nayo muda mrefu na sikuwahi kukusudia mtu ayasikie, sembuse yeye. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba alinitazama. Uso wake ukalegea, akanyoosha mkono, akanivuta nikae. Kisha akafungua mdomo.

Nikamwekea kidonge. Akameza, akanywa maji, akanifuta shavu kwa kiganja chake kikavu.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi, mama?" akaniuliza. "Nimekungoja."

Nilitaka kumwambia nilikuwa hapahapa. Nikaona nitakuwa namdanganya.