Kitabu cha Wageni

Miaka sita nimefagia ofisi ya shirika moja la serikali hapa mjini Embu, na kila asubuhi nimeandikishwa langoni kama mgeni. Wafanyakazi wenyewe hupita na kadi zao za shingoni. Sisi watu wa usafi tuliletwa na kampuni ya Meru iliyoshinda tenda, kwa hivyo hatuna kadi. Tunaandika kwenye kitabu cha wageni: jina, namba ya kitambulisho, unamwona nani, sababu, saa ya kuingia, sahihi.

Siku ya kwanza nilimuuliza Njagi, soja wa getini, niandike nini hapo pa "unamwona nani".

"Andika choo," akasema. "Si ndicho unakuja kuona?"

Nilicheka kidogo. Mimi ni mtu wa aibu, nikikosa la kusema hucheka. Tangu siku hiyo nikawa naacha hapo wazi.

Kila siku, chini ya jina langu niliandika la Ciakuthii, mwenzangu wa usafi. Ni mama wa kutoka upande wa Kiambere, umri wa mama yangu, na hakuingia darasani hata siku moja. Mimi niliachia darasa la sita. Yeye alisimama nyuma yangu akichungulia.

"Mwandike vizuri huyo mama," alikuwa akisema, akijitania mwenyewe. "Ni mtu wa maana."

Kisha alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa Njagi na kukiweka pale pa sahihi. Miaka sita, kidole hicho hicho.

Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi wa tatu tulipewa dawa mpya ya choo. Ilikuja kwa jerikeni za njano zisizo na karatasi wala jina. Glavu tulizokuwa nazo zilikuwa zimetoboka tangu Krismasi. Kifuniko cha jerikeni kilikuwa kimekwama. Ciakuthii akakivuta kwa nguvu, kikatoka ghafla, na ile dawa ikamwagikia mkono wake wa kulia. Ilikuwa asidi. Hakupiga kelele. Alisema, "Vero, maji," na ngozi ilikuwa tayari inageuka nyeupe.

Nilikimbia kwa Bwana Munene, mkuu wa utawala. Gari la ofisi lilikuwa limesimama chini ya dirisha lake, dereva ndani anasoma gazeti.

"Huyo ni mtu wa kampuni," Munene akasema. "Gari la serikali halibebi watu wa kampuni. Pigeni simu Meru."

Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, mkono umelowekwa kwenye beseni la kupigia deki. Mimi nilikaa nyuma nikishika beseni. Maji yaliisha njiani.

Daktari alisema gumba na vidole viwili huenda visikunjike tena. Akatupa fomu ya ajali kazini. Mwajiri aijaze na aitie sahihi, tuipeleke ofisi ya leba, ile ya serikali inayosimamia haki za wafanyakazi. Bila hiyo, akasema, itakuwa kama aliumia nyumbani kwake.

Nilimpelekea Munene fomu. Hakuigusa.

"Mwajiri wake si sisi."

"Lakini alikuwa anaosha choo chako," nilitaka kusema. Sikusema. Nilisema, "Sawa, sir," nikatoka. Hiyo "sawa, sir" naijutia mpaka leo.

Alhamisi nilienda Meru. Ofisi ya kampuni iko juu ya duka la chakula cha mifugo, karibu na soko la Gakoromone. Msimamizi wetu anaitwa Kobia. Huwa tunamwona mara mbili kwa mwaka, akija kuhesabu mifagio.

"Ciakuthii?" akasema. "Huyo aliacha kazi Ijumaa."

"Ijumaa gani?"

"Iliyopita. Alinipigia simu mwenyewe. Sasa ameumia Jumanne akifanya nini huko? Labda alikuwa ameenda kusalimia."

Kijana wa mezani pembeni akacheka. Nilielewa basi. Tenda inafanywa upya mwezi huu, na kampuni yenye ajali kwenye karatasi haipendezi. Ilikuwa rahisi zaidi Ciakuthii awe hakuwepo.

"Na wewe ni nani wake?" Kobia akauliza.

"Tunafanya naye."

"Basi rudi ukafanye. Ukitaka kumfuata, ngazi ni hizo."

Njia yote ya kurudi Embu nilijikunyata. Nilifikiri ni baridi. Nilipofika nyumbani nikajua ni hasira, kwa sababu niliosha vyombo vilivyokuwa safi tayari, nikavunja kikombe, na sikujali.

Asubuhi, nikiandika jina langu getini, mkono ulienda wenyewe kuandika la Ciakuthii chini yake. Nikasimama. Nikafungua kurasa za nyuma. Jumanne ile, saa kumi na mbili na dakika kumi, jina lake kwa mwandiko wangu, na gumba lake, jeusi, limekamilika. Jumatatu pia. Ofisi yenyewe ilikuwa imeandika kila siku aliyokuja, kwa kukataa kumwita mfanyakazi.

"Njagi, acha nizipige picha hizi kurasa."

Njagi naye ni wa kampuni, ila nyingine. Alitazama dirisha la Munene, akatazama chini.

"Mimi naenda kufungua geti," akasema. "Hili geti ni zito, hunichukua muda."

Hakukuwa na gari lolote nje. Nikatoa simu, nikazipiga picha.

Nilimchukua Ciakuthii tukaenda ofisi ya leba. Afisa ni mwanamke, Madam Halimo, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Alitazama picha kwenye simu yangu kwa muda mrefu.

"Haya majina mawili yameandikwa na mtu mmoja," akasema. "Mwenye kampuni atasema uliyaandika jana."

Ciakuthii alinigeukia. Miaka sita nilijua ninamsaidia, kumbe mwandiko wangu ndio ungemponza. Mara hii sikucheka.

"Ni mimi niliandika," nikasema. "Yeye hajui kuandika. Lakini gumba sikuweka mimi. Hilo ni lake."

"Aliweke hapa basi, nilinganishe."

Ciakuthii akainua mkono. Bandeji ilikuwa kubwa kama mkate, na penye gumba palikuwa pametoa maji ya manjano.

"Walilichoma, madam," akasema kwa upole, kama anayeomba msamaha. Upole huo ndio ulionimaliza.

"Ana kitambulisho," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa hata watu wa foleni wakageuka. "Kiko na alama ya kidole chake. Serikali ilimchukua hilo gumba kabla ya kumchoma. Angalia hapo."

Madam Halimo alivaa miwani. Aliweka kitambulisho kando ya simu, akakuza picha, akarudi, akakuza tena.

"Mimi si mtaalamu wa vidole," akasema mwishowe. "Ila nimeona cha kutosha kuwaita wote wawili, kampuni na ofisi. Wajibu mbele yangu ni nani alimpa huyu mama asidi. Na waje na kitabu chenyewe." Alianza kuandika barua, kisha akasimamisha kalamu. "Hicho kitabu kikipotea, mna picha tu. Nani atapeleka hii barua?"

"Mimi."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Nilipofika getini sikuwa nimevaa ovaroli. Nilikuwa na sketi yangu ya kanisa. Njagi alinisogezea kitabu. Niliandika jina na namba ya kitambulisho. Hapo pa "unamwona nani", mahali nilipopaacha wazi miaka sita, niliandika: Bwana Munene. Pa sababu niliandika: Ciakuthii. Nikatia sahihi. Kisha nikabeba kitabu kwapani.

"Vero," Njagi akasema.

"Sema nimekunyang'anya."

Nilikaa kwenye benchi la wageni, pale mapokezi. Sakafu ilikuwa na alama za matope tangu Jumanne, na mimi ndiye mtu pekee mle ndani aliyejua mopu iko wapi. Wafanyakazi walipita na kadi zao wakinitazama, halafu wakitazama sakafu.

Munene alishuka.

"Wewe, mbona umekaa? Hapo ni pa wageni."

"Najua," nikasema. "Nimeandikishwa."

Nilimpa barua. Aliisoma akiwa amesimama, midomo inasonga. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kitabu.

"Lete hicho. Ni mali ya ofisi."

"Na sisi tulikuwa mali ya nani?"

Akazidi kunyoosha mkono. Nilikikumbatia kitabu kwa mikono yangu miwili, yote mizima, vidole vyote kumi vikikunjika.

"Utakiona kwa Madam Halimo," nikasema. "Mpigie dereva wako simu. Leo gari litanibeba mimi, mtu wa kampuni."