Mashine ya Bi. Nandonde Inazeeka

Niliota usiku wa jana nimesimama mahakamani, juu joho la uwakili, chini pajama. Hakuna aliyeshangaa. Nilikuwa namtetea Bi. Salima Nandonde wa Newala, aliyebuni mashine ya kubangua korosho. Tulikuwa tunadai hataza, ile haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasiige kazi yake, na sharti lake kubwa ni moja: kitu kiwe kipya, kisiwe kimeonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa.

Jaji alikuwa kompyuta yangu ya mkononi.

"Nywila," akasema.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza. Akaisoma kwa sauti ili karani aandike: "Wakili moja mbili tatu." Ukumbi mzima ukacheka. Mimi ndiye mjumbe wa kamati ya sera ya usalama wa mtandao, mimi ndiye ninayezunguka mikoani nikiwakanya watu juu ya nywila za namna hiyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kielelezo kiingie."

Mashine ikaingia kwa miguu yake, inang'aa, imepakwa mafuta vizuri. "Mimi ni mpya," ikasema. "Sijaonwa na mtu."

Hapo mahakama ikawa ukumbi wa mikutano Dodoma, na hakuna aliyehama kiti. Watu mia mbili wanakula sambusa. Mimi niko jukwaani, nafundisha kutunza siri. Ukutani nyuma yangu kuna mchoro wa mashine ya Bi. Nandonde, mkubwa kuliko mlango, na chini yake maandishi: MFANO WA SIRI YA MTEJA.

Hili si la ndotoni. Nililifanya kweli, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu nilitaka waone nina wateja wa maana. Kisha nikalikalia faili lake mwaka na nusu. Ombi likakataliwa, maana mashine ilishaonyeshwa hadharani. Bi. Nandonde nikamwambia wakaguzi wa hataza ni wakorofi, tutakata rufaa.

Kila anayeutazama mchoro, mashine inazeeka. Anatazama wa kwanza, inaota mvi. Anatazama wa kumi, mgongo unapinda. Safu ya tatu ya watu ilipoinua macho, mashine ilikuwa imeshanipita umri, ikabidi niiamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nani kanionyesha?"

Nikajifanya natafuta karatasi. Bi. Nandonde alikuwa amekaa mbele kabisa, mkoba mapajani.

"Wakili," akasema taratibu, "ile si mashine yangu?"

"Ni yako, Bi mkubwa."

"Sasa nani kaileta huku?"

"Wakaguzi," nikasema. Ndoto ni yangu mwenyewe, na bado nikadanganya.

"Hao wakaguzi hao!" Akatikisa kichwa. "Basi wewe usichoke, mwanangu. Mimi nakuombea kila nikisali."

Heri angenitukana.

Mashine ikayumba. Nikaidaka isigonge sakafu, ikanifia mikononi, huku ikinivujia mafuta ya maganda ya korosho. Jaji akasema shauri limeahirishwa, akajizima.

Niliamka jua limeshatoka. Nikaenda kunawa uso, nikaona ncha za vidole vyangu ni nyeusi na zinawasha. Sijabangua korosho hata moja maishani mwangu. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa limau, wapi. Mafuta yale hayatoki mpaka ngozi yenyewe ibambuke. Najua hivyo kwa sababu mikono ya Bi. Nandonde iko hivyo mwaka mzima.

Saa tatu anafika ofisini kusaini rufaa, naye amelala njiani kwenye basi kwa ajili yake. Rufaa hiyo haina miguu ya kusimamia, na mimi najua tangu siku nilipoiandika. Atanipa mkono, atavitazama vidole vyangu, na ataniuliza nimeshika nini. Nina aibu hata uso sijamaliza kunawa. Nadhani safari hii nitamjibu kweli.