Diski Iliyobisha Hodi

Nilichoota usiku wa kuamkia leo ni hiki. Nimesimama mapokezi kwa fundi Tegemea, yule anayefufua diski zilizokufa. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na ndiye niliyeweka nyimbo mia moja arobaini na mbili kwenye diski moja bila nakala. Wimbo wa jubilei umo humohumo. Jubilei ni Jumapili, sare zimeshashonwa, na wanakwaya hawajui kitu.

Nyuma ya meza umekaa ufagio. Umevaa miwani. Unanitazama kuanzia utosini hadi miguuni.

"Vumbi haliingii chumba cha matibabu, Mwalimu."

"Nimeoga."

"Uliumbwa kwa kitu gani?"

Miaka ishirini nimeimbisha jibu lake misibani, leo limenirudia. "Kwa mavumbi," nikakiri.

"Basi zungumza na mgonjwa dirishani."

Nafungua dirisha, kumbe ni la kanisani kwetu. Diski imelazwa kwenye benchi la bezi, imefunikwa shuka la hospitali. Mama Melania, mwenyekiti wa kwaya, anaipepea kwa kitabu cha nyimbo. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Shikamoo, Mwalimu," inasema diski. Adabu inayo.

"Marahaba. Umepatwa na nini?"

"Nilibisha hodi wiki tatu. Ko, ko, ko. Hukuitikia."

Kusikia nilisikia. Nilidhani inanishikia mapigo. Tena niliisifia mbele ya soprano, kwamba haichelewi wala haikimbii, siyo kama wao.

"Hata jirani," anasema Mama Melania bila kuacha kupepea, "akibisha hodi mara tatu asijibiwe, anageuza."

"Karibu," nikasema. "Karibu sana. Pita ndani."

"Nimeshakasirika."

"Sasa unataka nini, mwenzangu?"

"Miaka saba nabeba sauti za watu. Na mimi nataka kuimba."

"Sauti ipi?"

Ikaguna. Ilikuwa bezi, ya chini kabisa, imenyooka. Niliiandikisha palepale bila majaribio. Bezi siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Simu ikaniamsha. Alikuwa fundi Tegemea mwenyewe, ambaye kweli nilimpelekea diski Jumatatu.

"Mwalimu, mzigo umepatikana. Nyimbo zote mia moja arobaini na mbili."

Nilikaa kitandani nikalia kama mtoto, wala sikuona haya. "Mungu ni mwema. Na wa jubilei?"

"Upo, mzima. Ila kuna kitu kinanisumbua. Kwenye orodha ya wanakwaya, bezi mnao wangapi?"

"Tisa."

"Kwenye orodha iliyomo humu diskini wako kumi. Huyu wa kumi hana jina, ana namba tu. Nimeilinganisha, ndiyo ileile iliyobandikwa mgongoni mwa diski. Nimfute?"

"Mwache," nikasema. "Niletee diski Alhamisi saa kumi. Ndiyo siku ya mazoezi."