Marufuku Kuchoma Pilipili Hoho

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Jengo Namba Saba kwamba, kwa amri ya Idara Kuu ya Hewa Safi, na kwa kuzingatia afya ya vizazi vijavyo, ni marufuku kuchoma pilipili hoho kwenye roshani, ngazi na viunga vyote vya jengo kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali zisizo na rufaa."

Tangazo lilikuwa na uzito wote wa serikali, na muhuri juu yake. Idara yenyewe ndiyo haikuwapo. Ilizaliwa Jumamosi jioni mezani kwa Neda, msichana wa miaka kumi na sita, na muhuri aliuchukua bila ruhusa kwenye jiko la bweni la shule yao, katika mji wa Niš.

Neda alikuwa nyumbani Leskovac, kusini mwa Serbia, kwa likizo fupi, kwa sababu baba yake, Radoje, alikuwa kwenye kemo, tiba kali ya saratani. Saratani ilikuwa ya utumbo. Siku ya dripu na kesho yake mzee alikuwa moto wa kuotea mbali, kwa zile dawa anazopewa pamoja na kemo: alipanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa, akakaza bawaba za makabati, akamchekesha mkewe Slavica hadi akaomba huruma. Siku ya tatu aliporomoka. Kijiko cha chuma kilimpa ladha ya misumari, ikabidi atumie cha mti. Zikafuata siku za kutazama ukuta. Halafu asubuhi moja angeamka anataka mayai, na nyumba nzima ingenyata, mayai yasije yakashtuka.

Shida ilikuwa msimu. Kila Septemba, Leskovac yote huchoma pilipili hoho nyekundu, huzimenya, huzisaga na kuzipika ziwe ajvar, rojo ya kula msimu wote wa baridi. Miaka mingine Radoje ndiye aliyechoma magunia mengi kuliko jirani yeyote. Mwaka huu harufu ile ikipenya tu chini ya mlango, alichokula kinarudi. Na daktari alishasema: akikutwa amepungua uzito tena Jumatano, kemo itaahirishwa.

"Si tukawaombe majirani wasubiri kidogo?" Neda aliuliza.

"Ukawaambie nini?" Radoje akamrudishia.

"Ukweli."

"Thubutu! Wakijua tu, watanong'ona kila nikipita. Bi Desanka ataniletea supu, halafu akae anitazame nikiinywa. Mimi nina vidonda vya tumbo. Basi."

Hiyo ndiyo habari waliyokuwa nayo majirani, na Radoje aliilinda kwa kofia ya kuficha kichwa kilichonyonyoka nywele, aliyoivaa hata akienda kutupa taka.

Kwa hiyo Jumapili alfajiri tangazo likabandikwa kwenye mlango wa jengo. Neda aliweka Jumatatu kwa sababu serikali yenye adabu huwapa watu muda. Hapo ndipo alipokosea. Saa nne, jengo lote lilikuwa linafuka moshi.

"Chomeni leo! Kesho wanakuja!" mtu alipiga kelele kutoka roshani ya juu.

"Manispaa wanataka tununue ajvar ya dukani!" alijibu mwingine wa chini. "Mimi nimeagiza magunia mawili zaidi, waje wanifunge!"

Asubuhi hiyo Radoje alikuwa amekula yai moja na nusu, na wote watatu walikuwa wamefurahi. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, huku Slavica akiziba mlango kwa mataulo yaliyoloweshwa.

"Wamepatwa na nini watu hawa?" Radoje aliuliza kati ya pumzi. "Kuna vita?"

Neda alijitolea kwenda kutupa taka. Hilo peke yake lingemtia wasiwasi mtu yeyote anayemfahamu.

Alishuka mbio kwenda kulichana tangazo, akamkuta Bi Desanka, mwenyekiti wa wakazi, amesimama mbele ya hilo tangazo na kioo cha kukuzia maandishi, masizi hadi viwikoni.

"Njoo, msomi. Wewe una macho mazima. Muhuri unasemaje?"

Neda alisoma polepole. "Nyama Imekaguliwa. Jiko la Bweni la Wasichana, Niš."

"Na jengo hili lina wasichana wangapi wanaosoma bweni Niš?"

"Labda mmoja."

"Labda!"

Milango ilianza kufunguka.

"Ndiye huyu? Mgongo umenikatika tangu alfajiri, kumbe utani wa mtoto!"

"Si ndiye aliyeandika lifti imeuzwa?"

Neda angeweza kusema ulikuwa utani tu. Wangemwamini mara moja, kwa sifa aliyokuwa nayo. Wangemgombeza, wangecheka, wangerudi kwenye moto wao, leo na wiki nzima.

"Ni mimi," alisema. "Manispaa hawahusiki. Baba ana saratani. Harufu inamtapisha, na Jumatano wanampima, akipungua uzito hawampi dawa. Hakutaka mjue. Sasa mmejua."

Bi Desanka alitia kioo mfukoni mwa aproni. "Mmesikia," aliwaambia wenzake bila kugeuka. "Zimeni."

Neda alipanda taratibu. Radoje alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, kichwa wazi.

"Nimewaambia, Baba."

"Nimesikia. Na wa jengo la pili wamesikia." Alijifuta mdomo. "Kuna kingine?"

Neda aliangalia kama mama yake yuko karibu.

"Viazi vya jana mchana. Nilimwambia Mama umevimaliza, maana angelia. Nilivila mimi."

Radoje alikunja mikono kifuani.

"Na vya juzi," alisema Neda.