Goti la Hajj Mutlaq

Msikitini kwetu Ajlun, safu ya nyuma ni ya viti. Hapo tunaswali sisi ambao magoti yametuasi.

Ijumaa moja imamu alisoma tangazo la Ruwayda, muuguzi wa kituo cha afya. Kuna sindano mpya ya magoti inajaribiwa hospitalini, katika mji wa Irbid, wanatafutwa wa kujitolea. "Wenye magoti mabovu tunawajua," akaongeza, akatazama nyuma. Sote tukatazama zulia.

Ijumaa iliyofuata viti vilikuwa vitupu. Tuliswali kwa kusimama, kila mmoja mzima kama farasi. Kando yangu alikuwa Hajj Mutlaq, dereva mstaafu wa malori, uso umemkunjamana kama anang'olewa jino. Tukasujudu. Watu wakainuka, yeye hakuinuka.

"Mmeshatoa salamu?" akauliza, paji la uso bado liko kwenye zulia.

"Zamani."

"Basi niinueni. Na asiambiwe mtu."

Tukambeba juu ya kiti hadi kituo cha afya, tukipita katikati ya soko.

"Binti yangu, sikuja kwa sindano yako," akamwambia Ruwayda.

"Sijakuuliza, ami." Akamwekea barafu gotini.

Barafu ilipoanza kuyeyuka, Mutlaq akauliza mwenyewe. "Hiyo sindano ina nini?"

"Wengine watapata dawa, wengine maji ya chumvi. Hata daktari anayechoma hatajua ni ipi, mpaka utafiti uishe."

Mutlaq akanigeukia. "Umesikia? Hajui anachochoma, na wanasema waziwazi!" Akamgeukia tena Ruwayda. "Wote walionitibu goti hili walisema wanajua. Lete kalamu."

"Kalamu baadaye. Nenda nyumbani ukafikirie. Na hata ukianza, siku ukichoka unaacha, matibabu yako ya kawaida hayaguswi."

"Mimi sina haja ya kufikiria."

"Fikiria hivyo hivyo, ami."

Akafikiria, akaenda Irbid, wakamkataa. Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na watu wa namna hiyo hawachukuliwi.

Alirudi kanuna. "Wamenikataa. Mimi!" akatuambia kwenye chai.

"Labda goti lako zima," nikasema.

"Goti langu bovu kuliko lako na la baba yako! Kule wanachagua, bwana. Si kila mtu anaingia."

Wiki hiyo nilikwenda kituoni kupima presha. Kwenye benchi nikawakuta wenzangu wa viti.

"Presha?" nikauliza.

"Presha," wakajibu.

Ruwayda alitueleza kila mmoja maneno yale yale, na maji ya chumvi hakuyaficha. Baadhi wakakubali, baadhi wakarudi makwao, na wala hakuwanunia.

Nyumbani kwa Mutlaq aliyekubaliwa ni mkewe, Fahda.

"Kwani nawe una goti?" Mutlaq akamuuliza.

"Ninayo mawili, Baba Hatim. Yananiuma tangu Hatim ananyonya. Hukuwahi kuuliza."

Mutlaq akachukua ufunguo. Akaenda kutia mafuta kwenye gari.

Sasa yeye ndiye anayempeleka Irbid. Njiani humuuliza kama alichomwa dawa au maji, naye hujibu hajui, na kweli hajui. Safari ya kwanza Mutlaq alimsubiri ndani ya gari. Ya pili aliingia, akakaa kwenye korido pamoja na waume wengine, wake zao wakiwa chumba cha pili wanapigwa picha za magoti.

Jioni akanipitia. Alikunywa chai yote.

"Mama Hatim anacheka sana akiwa na wenzake," akasema mwishowe. "Nilimsikia mpaka koridoni."